Mille Lacs: Nyavu Zalaumiwa, Ndoana Zaua Kimya Kimya

Kila mwaka barafu inapoanza kukatika kwenye Ziwa Mille Lacs, katikati ya jimbo la Minnesota nchini Marekani, ugomvi ule ule huamka. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, hushusha nyavu zao, wavuvi wa ndoana hutazama kutoka ufukweni huku msimu wao ukiwa bado umefungwa, na haipiti wiki kabla baa zote za kando ya ziwa hazijampata mshitakiwa mmoja tu: nyavu. Kadiri ninavyozisoma takwimu za ziwa lenyewe, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba watu hawa wanagombania mwezi usiohusika. Hasara kubwa ya Mille Lacs haitokei Aprili. Hutokea Julai na Agosti, mikononi mwa watu wanaoamini kwa moyo safi kwamba wanamhifadhi samaki.

Tuanze na ziwa. Lina zaidi ya kilomita za mraba 500, na siku ya upepo mwenye boti ndogo anaweza kudhani yuko baharini, ila sehemu yake yenye kina kikubwa kabisa haifiki mita 13. Ni sinia la maji. Maziwa ya kaskazini yenye kina kirefu huweka akiba ya maji baridi chini, na jua likichachamaa samaki wanaopenda ubaridi hushuka huko. Hapa upepo hukoroga maji ya juu na ya chini, na kiangazi kikiwa kikali ziwa zima hupata joto. Anayeteseka ni samaki aliyelipatia ziwa sifa, wolai, ambaye wataalamu humwita Sander vitreus. Macho yake makubwa yana utando wa nyuma unaokusanya mwanga, hivyo kwenye maji ya giza au yaliyochafuka huona vizuri kuliko wale anaowawinda. Hula jioni na usiku. Maji ya moto hayapendi, mwanga mkali haupendi. Tangu 1965 ndiye samaki rasmi wa jimbo, na nyama yake nyeupe isiyo na shombo ndiyo inayowatoa watu Minneapolis, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, wakiwa na boti nyuma ya gari na leseni mfukoni.

Sheria ya jimbo hufunga uvuvi wa wolai Jumapili ya mwisho ya Februari na kuufungua Jumamosi moja katikati ya Mei. Siku ya ufunguzi ni sikukuu isiyo rasmi, na kuna utamaduni wa tangu 1948 wa gavana mwenyewe kutoka na fimbo yake ya kuvulia mbele ya waandishi wa habari. Sababu ya kufunga ni nzuri. Wolai hutaga barafu ikishaondoka, maji yakiwa na nyuzi joto 5 hadi 10 hivi, kwenye changarawe na mawe ya kando, mahali pa maji mafupi ambapo kumnasa ni kazi ya mtoto. Lakini samaki hafuati kalenda. Mwaka 2012, baada ya joto lisilo la kawaida, barafu ya Mille Lacs ilikuwa imeondoka Machi. Mwaka uliofuata, Mei 11, wavuvi walifika siku ya ufunguzi na kulikuta ziwa bado lina barafu. Miaka miwili iliyofuatana, tofauti ya zaidi ya mwezi mzima, na sheria haikubadilika hata nukta.

Na mambo hayaelekei kutulia. Kwa wastani, maziwa ya Minnesota yamepoteza siku 10 hadi 14 za barafu katika miaka 50. Uchambuzi uliochapishwa 2024, ukihusu maziwa ya Minnesota, Wisconsin na Michigan, ulionyesha kwamba wolai hawaendi sambamba na badiliko hilo: barafu inawahi kuondoka, wao wanawahi kidogo tu. Matokeo yake kifaranga anaweza kuanguliwa wakati wadudu wadogo wa majini, ambao ndio chakula chake cha kwanza, wameshapita kilele chao au hawajafika. Kwa hiyo tarehe ya Mei haimlindi kama zamani, na wala hakuna tarehe nyingine moja ambayo ingemlinda kila mwaka.

Majira ya baridi nitayapita haraka, ingawa ndiyo yenye picha nzuri. Ziwa likiganda huota mji wa vibanda, vingine vikiwa na vitanda, jiko na televisheni, kila kimoja na matundu yake sakafuni. Idara ya Maliasili ya jimbo hushauri sentimita 10 za barafu safi kwa mtu anayetembea na zaidi ya 30 kwa gari la mizigo. Wenye hoteli hulima theluji kufungua barabara juu ya barafu, huweka madaraja kwenye nyufa, na hutoza pesa kwa anayepita. Majira yakiwa ya joto, kama 2023 kuingia 2024, pesa hiyo huyeyuka. Mwishoni mwa Desemba 2023, kwenye Ziwa Red la Juu, kaskazini zaidi, pande la barafu lilikatika na watu zaidi ya 100 wakalazimika kuokolewa. Kwa biashara ni pigo, kwa roho za watu ni hatari. Kwa wolai, hata hivyo, msimu huu si adui mkubwa: maji ni baridi, na samaki anayetolewa tunduni na kurudishwa upesi ana nafasi nzuri ya kuishi. Shikilia hoja hiyo ya ubaridi, maana yote yanayofuata yanaisimamia.

Sasa nyavu. Haki ya Waojibwe haikutoka kwa hisani ya mwanasiasa wa leo. Katika mkataba wa 1837 waliiachia serikali ya Marekani eneo kubwa la ardhi, wakabaki na haki ya kuwinda, kuvua na kuvuna mpunga mwitu katika ardhi, mito na maziwa ya eneo hilo. Hiyo ni miaka 21 kabla Minnesota haijawa jimbo. Jimbo liliipuuza haki hiyo kwa vizazi, hadi 1990 Waojibwe wa Mille Lacs walipokwenda mahakamani. Mwaka 1993 pande mbili zilikaa mezani zikapata suluhu: nyavu zingebanwa kwenye sehemu ndogo ya ziwa, na jimbo lingetoa dola milioni 8.6 pamoja na ardhi. Bunge la jimbo likaikataa. Kesi ikaendelea, na Machi 24, 1999, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikaamua kwamba mkataba uko hai. Hukumu iliandikwa na Jaji Sandra Day O'Connor. Kwa hiyo wale wanaolalamika kwamba Waojibwe wanavua popote ziwani wana haki ya kulalamika, ila barua wangeipeleka kwa wabunge wao wa 1993.

Tangu hapo kila mwaka jimbo na makundi manane ya Waojibwe, mawili ya Minnesota na sita ya Wisconsin, hukubaliana kikomo cha mavuno salama na kukigawana. Hapa ndipo penye jambo ambalo kelele hulifunika. Nyavu za Aprili zinafanya kazi mbele ya macho ya watu. Samaki akiletwa gatini anakuta watu wa kuhesabu wamesimama: huhesabiwa, hupimwa uzito, wengine hupimwa urefu na kuangaliwa kama ni dume au jike, kisha tarakimu inaingia kwenye hesabu ya kundi lake. Mgao ukitimia, nyavu zinatoka majini. Kwa upande wa ndoana, hakuna anayeweza kusimama kando ya kila boti kuanzia Mei hadi Novemba. Jimbo hutuma watu wa kuhoji sampuli ya wavuvi, likahesabu boti, likapiga makadirio. Ni kazi ya kitaalamu na siidharau. Lakini jambo linaloonekana ovu kwa sababu linaonekana ndilo lenye hesabu safi, na lile linalopendeza machoni ndilo linalokisiwa.

Wakosoaji wa nyavu wana hoja moja ya kweli na ni haki kuitaja. Nyavu zenye macho ya kipimo kimoja hunasa samaki wa ukubwa mmoja, na zikishushwa penye mazalia huchukua madume wengi, kwa kuwa dume hukaa pale muda mrefu akisubiri majike. Kwa miaka kadhaa kanuni za jimbo nazo ziliwataka wavuvi wa ndoana wabaki na samaki wadogo wa kipimo kinachokaribiana na hicho na kuwarudisha wakubwa. Mikono miwili ikachota kwenye chungu kimoja. Hilo lilikuwa kosa la mpango mzima, na nyavu zilikuwa nusu yake tu.

Twende kwenye miaka ambayo mambo yalichacha. Mwaka 2012 kikomo cha pande zote kilikuwa ratili 500,000, sawa na tani 227 hivi. Kufikia 2015 kilikuwa kimeporomoka hadi ratili 40,000, yaani tani 18: jimbo 28,600, makabila 11,400. Wavuvi wa ndoana waliumaliza mgao wao katikati ya kiangazi, na Agosti 3 uvuvi wa wolai ukafungwa. Wenye hoteli walipiga yowe, gavana akaanza kuzungumzia kikao maalumu cha bunge, na kila mtu akataka mtu wa kumlaumu. Mwaka 2016 jimbo likaja na dawa iliyoonekana ya kiungwana: vua, piga picha, rudisha. Hakuna kubaki na wolai hata mmoja, na chambo hai kimepigwa marufuku. Mgao ulikuwa ule ule wa ratili 28,600.

Kufikia Agosti mgao huo ulikuwa umepitwa. Soma tena: wavuvi ambao kisheria hawakupeleka hata wolai mmoja jikoni walikuwa wameshaua zaidi ya kiasi walichoruhusiwa kuua. Ni vifo vya ndoana, vinavyohesabiwa kwa makadirio na kuingizwa kwenye mgao kama vile samaki hao wameliwa. Hawakuliwa na mtu. Waliliwa na shakwe, au walizama.

Ukitaka kuona inavyotokea, mfuate samaki mmoja wa Agosti. Wolai amemeza ndoana badala ya kuishika kwa mdomo, imeshuka hadi karibu na matamvua, mahali ambapo damu iko juu juu. Mvuvi anamshika, anapapasa kwa koleo, anavuta, damu inatoka. Aliyefundishwa vizuri hukata mshipi na kuiacha ndoana ndani, na hapo samaki ana nafasi zaidi. Lakini hata aliyenaswa mdomoni tu amepambana dakika kadhaa kwenye maji ya moto yenye hewa kidogo kuliko ya Mei, kisha akakaa hewani akisubiri simu ipatikane. Anarudishwa. Anapiga mkia, anatoweka, mvuvi anaondoka na roho nyeupe. Wengi wa hao wanapona, na hilo lazima lisemwe. Wengine huelea tumbo juu boti ikiwa imeshahama. Utafiti uliofanywa kwenye ziwa hili hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba vifo ni vichache mno maji yakiwa baridi, na hupanda kwa kasi yakipita nyuzi 20 hivi, hadi kuzidi samaki mmoja kwa kila kumi katika wiki za joto kali.

Piga hesabu ya mfano. Mtu anayevua wolai 30 siku ya joto la Agosti na kuwarudisha wote ameua watatu hivi. Mtu anayekuja Mei, anachukua mmoja, anawasha moto na kwenda zake ameua mmoja. Kanuni nyingi na karibu hadithi zote za baa humwita wa kwanza mhifadhi na wa pili mlafi. Mimi ningempa leseni wa pili bila kusita, na wa kwanza ningemwomba arudi Septemba.

Hata hivyo, nikisema ndoana za kiangazi ndizo zilizoliangusha ziwa, nitakuwa nafanya kosa lile lile la watu wa nyavu. Kamati ya wataalamu wa nje iliyoitwa na jimbo mwaka 2014 iliona kwamba mayai hayakupungua kiasi cha kutisha na vifaranga walikuwa wakianguliwa wa kutosha. Waliokosekana ni wale wa mwaka wa pili na wa tatu: wanazaliwa, hawakui. Sababu zimejipanga mlolongo. Mabomba na mashimo ya maji taka yalirekebishwa kuanzia miaka ya 1970, ziwa likaanza kuwa angavu. Kome wenye milia, wageni kutoka Ulaya ya mashariki, walionekana 2005, na kila kome huchuja maji mchana na usiku. Mwaka 2009 akaonekana kiroboto-maji mwenye mwiba, anayekula vile vidudu ambavyo kifaranga cha wolai kingekula. Samaki wa kundi la siska, mnono na mpenda baridi, ambaye wolai wakubwa humtegemea kwa chakula, hufa kwa mafungu katika viangazi vya moto. Siska akipungua, wolai mkubwa humgeukia mtoto wake mwenyewe. Juu ya yote, maji angavu na ya moto yamepunguza sehemu ya ziwa iliyo na giza na ubaridi anaohitaji samaki huyu, kwa hiyo wadogo na wakubwa wanabanana mahali pamoja.

Ndiyo maana ule mfano wa Ziwa Red, unaotajwa kila mara kwamba "walifunga na samaki wakarudi", hauingii hapa. Wolai wa Ziwa Red walimalizwa kwa kuvuliwa kupita kiasi. Waojibwe wa Red Lake na jimbo walisimamisha uvuvi 1999, wakapandikiza vifaranga kwa mamilioni, na 2006 ziwa likafunguliwa likiwa limejaa. Ugonjwa ulikuwa uvuvi, dawa ikawa kuacha kuvua. Mille Lacs ukimwaga vifaranga unaongeza midomo kwenye karamu ya wenzao wakubwa, na ukilifunga mwaka mzima unaua hoteli bila kuyapoza maji. Kilichobaki mkononi mwa binadamu ni kidogo: kutowapoteza ovyo wale wachache wanaofanikiwa kukua. Kizazi cha 2013 ni kielelezo. Kilipita chujio, kikakua, na kwa miaka kilikuwa ndicho nguzo ya ziwa. Kila samaki wa kizazi hicho aliyekufa Agosti kwa ajili ya picha alikuwa hasara isiyo na mlo ndani yake.

Jimbo linalijua hili. Mwaka 2017 lilisimamisha uvuvi wa wolai kwa wiki tatu za Julai, na 2020 Julai nayo ikafungwa, kwa sababu hizo hizo za joto. Hasira zilizofuata zilikuwa kubwa, nami naelewa kwa nini: Julai shule zimefungwa, familia ziko barabarani, na mwenye hoteli anaupata mwaka wake ndani ya wiki kumi. Kumwambia afunge kwa sababu ya kipimajoto ni kumwambia alipe deni la kome. Lakini tarehe za Julai nazo zilikuwa tarehe tu. Kulikuwa na Julai za mawingu na kulikuwa na Juni za moto. Kinachotakiwa ni kanuni inayotangazwa kabla ya msimu: maji yakifikia kiwango fulani kwa siku kadhaa mfululizo, uvuvi wa wolai unasimama, yakishuka, unaendelea. Waojibwe tayari wanavua kwa kufuata barafu, si kwa kufuata Jumamosi.

Kwa upande wa pili wa mizani, wavuvi wa ndoana wapewe samaki wa kula. Ratili zinazopotea kwa vifo vya Agosti zihamishiwe Mei na Septemba, mtu achukue mmoja au wawili na kwenda nyumbani. Wiki za joto ziachiwe besi wa mdomo mdogo, ambaye maji angavu na ya moto yamemneemesha kiasi kwamba Mille Lacs sasa linatajwa miongoni mwa maziwa bora ya besi nchini Marekani. Mashindano ya besi yameshaanza kuleta watu na pesa. Tatizo ni kwamba familia iliyokuja kila Julai tangu enzi za babu haikuja kwa besi, na mabango ya barabarani bado yana picha ya wolai. Hilo wala bunge wala Mahakama ya Juu haiwezi kulibadilisha. Litabadilishwa na mwenye hoteli atakayethubutu kupaka rangi upya bango lake, na kwa sasa wa namna hiyo ni wachache.